Somo: Kitabu cha mazoezi nyumbani, hesabu yenyewe kwenye banda la chipsi

Wazazi wengi hapa Dar tunanunua vitabu vya mazoezi Januari, ikifika Machi vimeshakuwa vya kuwekea sufuria. Utaratibu huu unamfaa mtoto wa darasa la tatu hadi la tano.

Hatua ya 1: Kununua. Kitabu cha kiada cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) yupo nacho shuleni, kwa hiyo unatafuta cha ziada chenye maswali mengi na maelezo machache. Nenda naye dukani. Fungua katikati, mpe maswali matano palepale. Akikosa yote, kinamzidi. Akiyapata yote huku anatazama bodaboda nje, okoa hela yako. Mkifika nyumbani, kata kurasa za majibu kwa wembe uzifungie kabatini.

Hatua ya 2: Ukurasa mmoja kwa siku. Baada ya kuoga jioni, kabla ya katuni. Mkekani sawa, kitandani hapana.

Hatua ya 3: Kusahihisha. Usimwandikie jibu. Weka nukta pembeni ya swali alilokosa, arudie.

Hatua ya 4: Jumamosi mkale. Chagua banda mnalolipenda, lile ambalo muuzaji anawajua. Mtoto ndiye anayeagiza na ndiye anayelipa. Wewe kaa kimya, hata foleni ikinuna. Tuseme zege (chipsi mayai) mbili za 3,000, mishikaki minne ya 500 na soda tatu za 700. Ajumlishe kichwani kabla chipsi hazijatoka kwenye mafuta: 10,100. Anatoa noti mbili za 10,000. Hapo muuzaji atauliza lile swali lao la kila siku: "Huna mia?" Mwache mtoto ahangaike nalo. Kwa nini mtu anayetakiwa kurudisha 9,900 anaomba tena hela? Akishatoa mia na kupokea noti moja ya 10,000, utaona uso wake unavyobadilika. Kutoa kwa kukopa, kulikomliza siku ya Jumanne, kumeingia na kachumbari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama Pacha, Tabata:* Dada, asipomaliza kurasa za wiki, Jumamosi tunafuta?
Jibu: Hapana, mama. Chakula kisiwe fimbo. Nendeni mkale, kurasa azimalizie Jumapili.

*Baba Junior:* Hela ya kula nje kila wiki sina. Nifanyeje?
Jibu: Mtume vitumbua vya chai asubuhi, na noti kubwa kidogo. Hesabu ni ileile, na pesa mngeitumia tu.

*Mama wa Mbagala:* Wangu yuko darasa la kwanza, kusoma bado kunamsumbua.
Jibu: Basi anza na ubao wa bei. Asome "chipsi kavu", "chipsi kuku", kidole kikifuata herufi. Akisoma "mishikaki" bila kusaidiwa, aagize mwenyewe.

*Shangazi Mtu:* Wa kwetu wanasoma shule ya Kiingereza. Kwenye banda ahesabu kwa lugha gani?
Jibu: Ya muuzaji, shangazi. Akimwambia "nine thousand nine hundred", atajibiwa "sema vizuri, mdogo wangu, watu wanasubiri".

*Baba Junior:* Na muuzaji akimpunja chenji?
Jibu: Usiingilie haraka. Mwambie ahesabu tena mbele ya muuzaji, kwa sauti, na asiondoke hapo dirishani.