Somo: Kijarida cha jamii kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kwa karatasi moja ya A4

Kijarida hiki kinatoka kwenye karatasi moja: kurasa nane, mkato mmoja, bila stepla wala gundi mgongoni. Kikundi cha watu 8 hadi 12 kinaweza kukianza na kukimaliza katika kikao kimoja cha muda wa saa mbili. Ndiyo maana tunawashauri wanaoanza wasikimbilie kitabu kinene.

Ripoti za tabianchi zinaeleza dunia nzima. Hazitaji ni kisima kipi kilichokauka mapema, wala ni njia ipi ya miguu inayofunikwa na maji kila mvua kubwa inaponyesha. Hayo wanayajua wenyeji, na kijarida kipo ili yaandikwe yakiwa na mahali pake na tarehe yake.

Vifaa: karatasi za A4 za gramu 80 kwa mita ya mraba (kila mtu mbili, moja ya kujaribia), kalamu nyeusi, penseli, rula, mkasi, gundi ya kijiti, wino mweupe wa kufutia. Gundi ya maji iacheni. Inakunyanza karatasi, na kila kikunyanzi kinaacha kivuli kwenye fotokopi.

Hatua ya 1: Kukusanya mambo (dakika 30)

Msianze na swali "Mabadiliko ya tabianchi ni nini?" Swali hilo linageuza kikao kuwa mtihani: aliyesoma zaidi anazungumza, wazee wananyamaza. Ulizeni hivi: "Ni kitu gani hapa kilikuwa kikija kwa wakati wake, na sasa kimehama, kimepungua au kimezidi?" Kila jibu liandikwe kwenye kipande chake cha karatasi: nini, wapi, mwezi au mwaka gani. Asiyeandika asimulie, mwingine amwandikie kwa maneno yaleyale aliyoyatamka, bila kuyanyoosha.

Kisha gawanyeni vipande hivyo katika mafungu matatu: tulichokiona, kilichopimwa, tunachodhani. Hapa ndipo vijarida vingi vinapoharibika, kwa hiyo msiharakishe. "Mvua zilichelewa mwaka huu" ni jambo lililoonekana, na lina haki ya kuandikwa. "Mvua zilichelewa mwaka huu kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi" ni dai lingine kabisa. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30, na mwaka mmoja hautoshi kuthibitisha. Mnachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya selsiasi inaweza kubeba takribani asilimia 7 zaidi ya mvuke wa maji, na hivyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Au kwamba hewa ukaa angani ilikuwa karibu sehemu 280 kwa milioni kabla ya enzi ya viwanda, na sasa imepita 420. Chagueni takwimu moja. Zikiwa tano kwenye kijarida kidogo namna hii, hakuna itakayokumbukwa.

Makosa mawili hujirudia: kusema joto la dunia linatokana na tundu la ozoni, na kuchora takataka za plastiki kama chanzo kikuu. Tundu la ozoni ni tatizo jingine. Chanzo kikuu cha joto ni gesi joto, yaani gesi zinazonasa joto angani, hasa zinazotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Hatua ya 2: Kukunja na kukata

Fanyeni hili kwanza kwenye karatasi tupu.

Kunja ukingo mrefu ukutane na ukingo mrefu, kisha fungua. Kunja ukingo mfupi ukutane na ukingo mfupi. Ikiwa bado imekunjwa, ikunje mara nyingine kwa upande uleule, halafu fungua mkunjo huo wa mwisho tu. Sasa kata kuanzia upande uliofungwa, ukifuata mkunjo wa katikati, hadi unapokutana na mkunjo unaoukatiza. Ni kama milimita 74. Simama hapo.

Fungua karatasi yote: kuna mpasuko katikati na kingo zote ni nzima. Ikunje tena kwa urefu, shika ncha mbili, sukuma kuelekea katikati mpaka mpasuko ufunguke na karatasi itoe mabawa manne. Zungusha mabawa upande mmoja, bana mgongo kwa rula. Ukikata kuanzia upande ulio wazi, mpasuko utatokea kwenye ncha na kijarida hakitasimama. Ukipitisha mkato, kurasa za pembeni zitaning'inia.

Hatua ya 3: Mpangilio wa kurasa

Karatasi ikiwa imelala, safu ya chini kutoka kushoto ni ukurasa wa 6, 7, 8, 1. Safu ya juu kutoka kushoto ni 5, 4, 3, 2, zote zikiwa zimepinduliwa kichwa chini. Vichwa vya kurasa zote nane vinaelekea mkunjo wa katikati.

Jalada ni ukurasa wa 1. Shuhuda zikae wa 2 na 3. Wa 4 na 5 zinafunguka pamoja katikati, kwa hiyo hapo wekeni ramani iliyochorwa kwa mkono: visima, mitaro, miti yenye kivuli, sehemu zinazojaa maji. Ramani hiyo ndiyo ukurasa ambao watu hurudi kuuangalia, ipeni mchoraji wenu bora. Takwimu iwe wa 6, hatua zinazowezekana wa 7, na wa 8 ubebe mwezi na mwaka wa kutolewa pamoja na jina la kikundi.

Hatua ya 4: Kuandika kwa ajili ya fotokopi

Nakala mama, yaani ile ya kwanza inayotolewa fotokopi, haikunjwi wala haikatwi, kwani mikunjo nayo hutoa vivuli. Kila mmoja afanye kazi kwenye kipande cha milimita 64 kwa 95, kisha vyote vibandikwe kwenye karatasi nzima iliyogawanywa kwa mistari hafifu ya penseli. Kila kisanduku ni milimita 74 kwa 105, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita 5 kila upande.

Tumieni wino mweusi. Penseli, njano na bluu hafifu hupotea, na usuli wa kijivu hutoka na madoadoa. Maneno 40 hadi 60 kwa ukurasa yanatosha. Kingo za vipande vilivyobandikwa zipakwe wino mweupe.

Hatua ya 5: Kurudufu

Wekeni mashine kwenye asilimia 100. Toeni nakala moja, ikunjeni, isomeni yote kwa sauti, ndipo mtoe nyingine. Kila nakala itoke kwenye nakala mama, kwa sababu nakala ya nakala hupoteza mistari myembamba.

Upande wa nyuma unabaki mtupu na unafichika ndani. Tunapendelea kuchora hapo jedwali la miezi 12 lenye nafasi ya kuandika siku ya mvua ya kwanza, kina cha maji kisimani, mti uliochanua. Msomaji analijaza, na toleo lijalo linaanza na kumbukumbu zake.

Maswali ya wanachama

Swali: Asanteni kwa somo. Tunataka kurasa 16 za A5 (nusu ya A4). Tunapangaje?
Jibu: Ni karatasi 4 za A4, na kila kurasa mbili zinazokaa upande mmoja lazima zijumlishwe kupata 17: 16 na 1, 2 na 15, 14 na 3, kuendelea hadi 8 na 9. Kwenye printa chagueni kugeuza kwa ukingo mfupi. Stepla ya kawaida haifiki mgongoni, kwa hiyo toboeni matundu matatu na mshone kwa uzi wa sentimita 50 hivi, mkianzia tundu la kati.

Swali: Mwalimu, kijarida chetu kimejaa majanga matupu. Watu wanakisoma kisha wanakata tamaa. Tufanyeje?
Jibu: Msifute huzuni, ni ushuhuda. Ila ukurasa wa 7 uwe na mambo yenye mhusika na tarehe: nani anazibua mtaro, lini, na kikao cha kudai huduma kutoka kwa viongozi kiko siku gani. "Tupande miti" bila kutaja mti gani, wapi na nani ataumwagilia haisaidii.

Swali: Naomba kuuliza kuhusu majina na picha.
Jibu: Ombeni ruhusa ya kila mtu baada ya kumwonyesha ukurasa ulivyo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali, na mtoto mwenyewe akubali. Picha hutoka nyeusi kwenye fotokopi, mchoro ni bora.

Swali: Hatupotezi karatasi kwa jambo la kutunza mazingira?
Jibu: A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo vijarida 60 ni gramu 300. Hesabuni wasomaji kwanza, halafu chapeni idadi hiyo. Msiweke plastiki juu ya jalada.