Mimea ya ndani na hewa ya nyumba: anza na dirisha

Sifa ya mimea kusafisha hewa ilivuma baada ya majaribio ya mwaka 1989 ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yaliyofanyika ndani ya makasha yaliyozibwa. Sebule si kasha. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipiga hesabu upya: ili mimea ifikie kazi ya hewa inayoingia na kutoka nyumbani kwa kawaida, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Basi panda kwa uzuri wake, ila usiache ikuharibie hewa uliyo nayo.

1. Fungua madirisha yanayotazamana, angalau dakika 15 asubuhi. Kabati jipya la mbao zilizounganishwa kwa gundi hutoa fomaldehidi, gesi inayowasha macho na koo, kwa hiyo chumba chake kiache wazi zaidi. Jiko la mkaa likae nje. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, na hakuna mmea utakaokuokoa nayo.

2. Chagua mmea mvumilivu. Sansevieria, yenye majani yaliyosimama kama panga, huvumilia kivuli na kiu. Pothosi, ule unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo, hukua haraka, lakini utomvu wake huwasha mdomo: uning'inize mbali na watoto na paka.

3. Changanya makopo mawili ya udongo, moja la mchanga wa mto na nusu ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi itanuka chumba kizima. Chungu lazima kiwe na matundu chini.

4. Hapa ndipo wengi huua mimea: maji. Ingiza kidole. Pothosi inywe sentimita 3 za juu zikikauka. Sansevieria isubiri udongo wote ukauke, mara nyingi wiki mbili au tatu. Majani yake yakilainika chini na kunuka, mizizi imeshaoza. Kata majani ambayo hayajaoza, yaache siku tatu kidonda kikauke, kisha yapande upya.

5. Mwaga maji ya kisahani cha chini ya chungu nusu saa baada ya kumwagilia. Yakikaa wiki moja tu, umefuga mbu.

6. Futa majani kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki mbili. Kikavu hurusha vumbi tu.

Ukungu mweupe ukitokea juu ya udongo, au vijinzi vyeusi vikianza kuruka, kwangua sentimita 2 za juu, weka mchanga mkavu, na usimwagilie mpaka udongo wa chini ukauke.