Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanda kwenda monasteri ya Pangboche

Wengi wanaokwenda Khumbu, upande wa Nepal wa mlima Everest, huishia Tengboche wakiamini wameiona monasteri kongwe ya Kibuddha. Tengboche inapendeza, sikatai. Lakini ilianzishwa mwaka 1916, ikaangushwa na tetemeko la 1934, ikaungua 1989 kwa hitilafu ya umeme, na jengo la leo ni la miaka ya 1990. Kongwe iko mbele yake, mwendo wa saa mbili hivi, Pangboche ya Juu. Mapokeo yanasema iliasisiwa na Lama (yaani mwalimu wa dini ya Kibuddha) Sangwa Dorje katika karne ya 17, na kwamba miti ya jamii ya mtarakwa iliyoizunguka ilichipuka kutokana na nywele zake. Ni jengo dogo la kijijini. Kulifikia si kazi ya misuli, ni kazi ya subira, na karibu kila unachopaswa kuandaa kinatokana na hilo.

Pangboche iko karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyewahi kulala Horombo, pale Kilimanjaro, amelala mita 3,720, kwa hiyo ana picha. Tofauti ni kwamba huku ndege inakutoa Kathmandu, mita 1,400, na kukushusha Lukla, mita 2,860, kwa muda mfupi kuliko foleni ya asubuhi ya Ubungo. Mwili haujaambiwa kitu. Kanuni inayokubalika na madaktari wa milimani ni hii: ukishavuka mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Ndiyo maana siku ya kwanza watu huteremka hadi Phakding, mita 2,610, ya pili hupanda Namche Bazaar, mita 3,440, kisha hulala Namche usiku wa pili. Siku hiyo ya katikati si ya kujifunika blanketi. Panda hadi Khumjung, mita 3,790, unywe chai, urudi kulala chini. Kesho yake ndiyo Tengboche, kwa kuteremka kwanza hadi mtoni Phunki Tenga na kupanda tena mita 600 msituni. Hapo ndipo wenye haraka huumbuka.

Kichwa kikiuma, chakula kikikukataa na kichefuchefu kikianza, usipande tena mpaka upone. Ukihema ukiwa umekaa, ukikohoa makohozi yenye povu, au ukianza kuongea ovyo, teremka papo hapo, hata kama ni usiku na hata kama umelipia chumba. Kuna kipimo rahisi: mwambie mwenzako atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akiyumba kama mlevi, safari yake ya juu imekwisha.

Muone daktari kabla hujakata tiketi. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea, lakini ina asili ya salfa, hivyo mtu aliyewahi kuvimba au kubabuka kwa Septrin au SP aseme mapema. Na kuna jambo ambalo vitabu vingi vya Wazungu hulipita juujuu, nalo linatuhusu sisi hasa: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende. Mwenye kubeba vinasaba tu, ambaye huku chini haumwi lolote, naye apime na kushauriwa, kwa sababu hewa nyepesi inaweza kuziba damu kwenye wengu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ukiwa juu huko si tumbo la safari.

Miezi mizuri ni Oktoba na Novemba, kisha Machi hadi Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni masika yao: matope, ruba, na ndege haziruki. Hata msimu mzuri Lukla ina vituko vyake. Njia ya kurukia ina mita 527 tu na imeinama, kwa hiyo ukungu ukishuka hakuna mjadala. Weka siku mbili au tatu za akiba kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Msimu wa watu wengi ndege nyingi huondokea Manthali, mji ulio saa nne au tano kwa gari kutoka Kathmandu, na gari huondoka usiku wa manane. Mzigo kwa kawaida hauzidi kilo 15.

Kwenye makaratasi sitakawia. Beba pasipoti na nakala zake, picha ndogo, kadi ya njano, na bima inayotaja kwa maandishi helikopta na urefu unaozidi mita 4,000. Kibali cha serikali ya mtaa hulipiwa Lukla na kiingilio cha hifadhi ya Sagarmatha hulipiwa Monjo, vyote kwa rupia taslimu. Usitegemee mashine ya benki ya Namche.

Ukichukua mpagazi, na mchukue, mtazame miguuni kabla hamjaondoka. Waliopanda Kilimanjaro wanawajua wagumu, wapagazi wa kule, na wanajua nini hutokea viatu vinapokuwa vya mitumba vilivyochoka. Uliza kama ana bima na koti lake mwenyewe. Lako liwe zito pia. Usiku wa Novemba maji ya chupa huganda pembeni ya kitanda. Chakula hakitakusumbua: wali, dengu na mboga, na sahani huongezwa. Washerpa, wenyeji wa Khumbu, hawachinji bondeni kwao, nyama hupandishwa mgongoni kutoka chini kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayekula halali na anayeogopa tumbo kuharibika wote wana sababu ya kuiacha.

Njiani utakuta kuta za mawe yaliyochongwa sala. Zipite zikiwa mkono wako wa kulia. Msafara wa yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wanaobeba mizigo, ukija, kimbilia upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde, kwani mzigo wake humsukuma mtu bila mnyama kujua. Kwenye daraja la kamba subiri wapite wote.

Monasteri yenyewe si makumbusho. Uliza kwanza kama inaruhusiwa kuingia na kupiga picha, vua kofia na viatu, na uwe umevaa soksi nene maana sakafu ni barafu. Zunguka kwa kufuata mshale wa saa, usikae miguu ikielekea sanamu. Weka noti ndogo mfukoni kwa ajili ya sadaka. Mlango unaweza kuwa umefungwa na mwenye ufunguo yuko shambani kwake, kwa hiyo fika asubuhi, uliza nyumba za jirani, na upange kulala Pangboche au kurudi Debuche chini kidogo, badala ya kukimbizana na jua hadi Namche.