Somo: Kulinganisha kabureta mbili za SU za Jaguar Mark 2

Naandika somo hili ili nisilazimike tena kumjibu mmoja mmoja kila anayeuliza kwa nini gari lake la Jaguar Mark 2 linanuka petroli na kutetemeka ikiwa imesimama. Linahusu injini za lita 3.4 na 3.8 zenye kabureta mbili aina ya HD6 za kampuni ya SU. Injini ya lita 2.4 ilitoka kiwandani Coventry, Uingereza, na kabureta za kampuni ya Solex, na maelezo haya hayaifai.

Hatua ya 1. Pima nafasi za vali injini ikiwa baridi: inchi 0.004 kwa vali za kuingiza, 0.006 kwa vali za moshi.

Hatua ya 2. Plagi ziwe na nafasi ya inchi 0.025, na pointi za distribyuta kati ya 0.014 na 0.016.

Hatua ya 3. Washa injini, uiache ipate moto kamili.

Hatua ya 4. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gari hili lina kabureta ndogo ya tatu, ya kuwashia injini baridi, ambayo hufunguliwa na sumaku ya umeme inayotegemea swichi ya joto iliyo kwenye njia ya maji. Swichi ikiganda, au vali ya kabureta hiyo isipokaa sawasawa, petroli ya ziada huendelea kuingia hata injini ikiwa ya moto, na fundi asiyelijua hilo huanza kupunguza mafuta kwenye kabureta kubwa ambazo hazina kosa lolote. Siku swichi itakapobadilishwa, injini itabaki na mafuta haba, nayo ikiendeshwa hivyo kwa kasi yaweza kuunguza vali za moshi. Kwa hiyo sikiliza: ukisikia mlio wa kufyonza hewa injini ikiwa ya moto, chomoa waya wa sumaku. Mlio ukikoma, tatizo ni umeme. Ukiendelea, ni vali. Usiguse skrubu yoyote ya mchanganyiko (ile ya kuongeza au kupunguza petroli) kabla ya kulimaliza jambo hili.

Hatua ya 5. Inua kila pistoni ya kabureta, uiachie. Ishuke bila kukwama na igonge chini kwa sauti. Pistoni na chungu chake (kifuniko cha juu ambamo pistoni hupanda na kushuka) vilitengenezwa pamoja, basi usivibadilishane.

Hatua ya 6. Hakikisha vilango vya hewa (vinavyofunguka unapokanyaga mafuta) vimefunga kabisa, kisha sikiliza kila kabureta kwa kipande cha mpira na urekebishe skrubu za hewa hadi milio ilingane na injini izunguke takriban mara 500 kwa dakika.

Hatua ya 7. Inua pistoni ya kila kabureta milimita 0.8 tu. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ukishuka, ni machache. Ukipanda kidogo na kurudi, umefika. Kuingiza skrubu ya mchanganyiko huongeza mafuta.

Swali: Nimezungusha skrubu zote na moshi mweusi bado unatoka. Nifanye nini?
Jibu: Soma hatua ya 4. Hujasema kama uliifanya.

Swali: Nimeifanya, lakini silinda namba 1, ile ya mbele kabisa, bado inamisi (hailipui mafuta kila mara).
Jibu: Jaguar huhesabu silinda kuanzia nyuma. Hiyo ni namba 6. Panga upya nyaya za plagi kwa mfuatano wa 1-5-3-6-2-4.

Swali: Fundi, naomba kuelewa, oili iliyo juu ya pistoni ni ya kulainisha tu?
Jibu: Swali zuri, ndugu. Kazi yake kubwa ni kuichelewesha pistoni isipande ghafla unapokanyaga mafuta. Ikichelewa, mvuto wa hewa juu ya jeti (tundu linalotoa petroli) huongezeka na petroli zaidi hutoka wakati ule ule injini inapoihitaji. Chungu kikikauka, gari husita kila unapokanyaga. Tumia oili nyepesi ya SAE 20.

Swali: Gari lililolinganishwa Mombasa linakula mafuta mengi Nairobi. Je, limeharibika?
Jibu: Halijaharibika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo mafuta huzidi. Rudia hatua ya 7 huko huko, na urudie tena ukishuka pwani, kwa sababu huko mafuta yatapungua mno.

Swali: Petroli inadondoka chini ya kabureta moja hata injini ikiwa imezimwa.
Jibu: Angalia kwanza kiwambo cha mpira kilicho chini ya jeti. Vile vya zamani huharibiwa na petroli yenye ethanoli. Badilisha vyote viwili kwa pamoja, na usiwashe gari kabla hujafanya hivyo, kwani petroli inayodondoka yaweza kushika moto.