Somo: Jumapili moja milimani, Tegernsee hadi Schliersee kwa tiketi ya treni tu

Wadau, tangu niweke zile picha za ziwa naulizwa yaleyale: umefikaje, umelipa ngapi, umekwenda na kampuni gani? Hakuna kampuni. Ni treni, miguu na chapati nne.

Nakaa Munich, kusini mwa Ujerumani, mwaka wa sita sasa. Miaka miwili ya mwanzo Jumapili zangu ziliishia kitandani na simu, maduka yote yamefungwa, mtaa kimya kama kuna matanga. Kwetu mtu akikuona unapanda kilima bila jembe wala mzigo wa kuni atakuuliza msiba uko wapi. Sikuwahi kufikiri kwamba watu wazima hupanda ili wafike juu, wanywe supu, washuke.

Nawapa njia moja tu, ninayoijua. Unapandia mji wa Tegernsee, unapita kilima cha Neureuth, unateremkia mji wa Schliersee. Maziwa mawili, stesheni mbili, bila kurudi ulikotoka. Ni mwendo wa saa nne hadi tano bila kuhesabu mapumziko.

Hatua ya 1: Tiketi

Mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, hana la kununua, safari hii imo. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikafika 58 Januari 2025, na tangu Januari 2026 ni 63 kwa mwezi. Ni ya mtu mmoja, haiazimwi, na ukitaka kuvunja mkataba wake sharti uandike kabla ya tarehe 10, la sivyo unalipa na mwezi unaofuata.

Kama huna, jikusanyeni mchukue Bayern-Ticket, tiketi ya siku ya jimbo letu la Bavaria. Inabeba hadi watu watano siku nzima, na kila mnavyozidi ndivyo kila mmoja anavyolipa kidogo. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikiendi inaanza usiku wa manane. Tiketi zote mbili ni za treni za mkoa. Usipande ICE, treni ya mwendokasi, ukadhani utajitetea kwa Kiswahili.

Hatua ya 2: Viatu

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mara ya kwanza nilivaa raba nyeupe, soli bapa, zile za kuendea kanisani. Kupanda nilipanda. Kushuka, palipokuwa na tope na mizizi ya misonobari, kipande kizima nilikishuka kwa makalio, huku bibi mmoja wa miaka kama sabini akinipita na fimbo zake mbili akinisalimia kwa upole kabisa.

Unataka soli yenye meno. Si lazima buti za yuro mia mbili. Mitumba ipo huku pia, nenda Flohmarkt, soko la vitu vilivyotumika, Jumamosi asubuhi, za kwangu nilizipata kwa yuro 15 na bado zinadunda. Suruali ya jinzi iache nyumbani: ikilowa haikauki, na inakuganda mapajani kama kitambaa cha deki. Beba koti la mvua hata kama jua linawaka, na sweta moja. Hesabu yangu ni nyuzi sita zinapungua kila mita 1,000. Neureuth iko mita kama 500 juu ya ziwa, kwa hiyo toa nyuzi tatu, kisha weka upepo juu ya jasho.

Hatua ya 3: Chakula, na kinanunuliwa Jumamosi

Bavaria maduka yanafunga saa mbili usiku, na Jumapili hayafunguliwi. Ukikumbuka maji Jumapili asubuhi utayanunua stesheni kwa bei ya kukuliza. Mimi nakanda chapati Jumamosi usiku, nazikunja na mayai, chai ya tangawizi kwenye chupa. Chukua na pesa taslimu yuro 20 au 30, kwa sababu vibanda vingi vya milimani havitaki kadi.

Hatua ya 4: Saa na behewa

Kwanza saa. Nikisema tukutane saa mbili, ni saa mbili yetu, yaani 8:00 kwenye ubao wa stesheni. Nasema hivi kwa sababu jamaa yetu mmoja alishawahi kuja saa mbili ya Kijerumani, mchana, amejipaka mafuta ya jua, sisi tuko juu tunakula.

Treni za upande huu huondokea majukwaa ya pembeni ya Munich Hauptbahnhof, kule kwenye namba 27 hadi 36. Kutoka ukumbi mkubwa ni mwendo wa dakika kadhaa, usifike dakika ya mwisho.

Halafu behewa, na hapa soma taratibu. Treni inaondoka ikiwa moja, ndefu, lakini ni treni tatu zilizoshikana mikia. Ikifika Holzkirchen kipande kimoja kinakatwa kwenda Schliersee na Bayrischzell. Vinavyobaki vinakatwa tena Schaftlach: kimoja Lenggries, kingine Tegernsee. Ukikaa kipande kisicho chako hakuna atakayekuamsha. Mimi nililala. Nikafumbua macho naona mto badala ya ziwa. Mama mmoja aliyekuwa anafuma soksi mbele yangu akaacha sindano, akaninyooshea kidole kibao cha mlangoni: Lenggries. Siku ile nilikula chapati zangu kando ya mto Isar nikarudi nyumbani. Kwa hiyo soma kibao cha behewa kabla ya kukaa, na ukiwa ndani kisome tena.

Hatua ya 5: Kupanda

Toka stesheni ya Tegernsee, tafuta vibao vya njano vilivyoandikwa Neureuth. Vibao vya huku haviandiki kilomita, vinaandika muda, na ni muda wa kutembea mfululizo, tena wa mtu mwenye miguu mirefu aliyezaliwa hapohapo. Mara ya kwanza ongeza theluthi. Kwenye njia za milimani angalia pia rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ya wazoefu. Nyeusi achana nayo.

Unaanza na nyumba, unaingia msituni, na pumzi inaanza kukudai. Usishindane na mtu. Kila baada ya nusu saa simama unywe hata kama huna kiu. Ukikutana na watu sema "Grüß Gott" au "Servus". Yule ambaye mjini hata lifti mnapanda pamoja bila neno, huku juu atakusalimia yeye kwanza. Wanasema ukipita mita 1,000 hakuna tena "Sie", wewe ya heshima, wote ni "du", wewe ya kirafiki. Kwetu sisi tuliolelewa kwa shikamoo inachukua muda kuzoea.

Neureuth yenyewe iko mita 1,260 na ushee. Kuna nyumba ya chakula yenye mabenchi nje, ziwa lote liko chini yako, na ng'ambo umesimama mlima Wallberg, mita 1,722. Agiza supu, au Kaiserschmarrn, ambayo ni kama chapati ya maji nene iliyochanwachanwa ikanyunyiziwa sukari, na rojo la matunda pembeni. Sahani moja inatosha watu wawili.

Hatua ya 6: Kuvuka na kushuka

Kutoka Neureuth fuata kibao cha Gindelalm. Alm ni malisho ya kiangazi, ng'ombe wanapandishwa juu wakati wa joto na kibanda cha mchungaji huuza maziwa na jibini. Ng'ombe wana kengele shingoni zenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Ukifungua geti lifunge nyuma yako, na mwenye ndama mpitie mbali, hilo Mmasai yeyote atakwambia. Kisha njia inashuka msituni hadi Schliersee. Magoti yatalalamika. Ziwani vua viatu uingize miguu, maji ni ya baridi lakini uchovu wote unabaki humo. Stesheni haiko mbali. Kurudi Munich huna haja ya kuchagua behewa, vipande vinaunganishwa tena njiani.

Jambo moja la usalama nalirudia kila mara: wakati wa kiangazi radi hupenda kuja alasiri. Ondoka mapema, uwe umeanza kushuka kabla mawingu hayajajikusanya. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, mtandao hupotea msituni. Namba ya dharura ni 112, Ulaya nzima.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Augsburg: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi, kibali changu ni cha Ujerumani. Nikienda Salzburg kwa tiketi hiyohiyo nina shida?*

Marahaba mdogo wangu. Deutschlandticket na Bayern-Ticket zinafika Salzburg, na Kufstein pia, yote miji ya Austria. Kibali cha ukaaji kilicho hai pamoja na pasipoti vinakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, siku 90 ndani ya 180. Beba vyote viwili, si picha ya kwenye simu, maana wakati wa kurudi polisi hukagua ndani ya treni. Kama kibali kiko kwenye kuongezwa na una karatasi ya muda tu, uliza ofisi ya wageni kwanza. Na anayesubiri majibu ya ombi la ukimbizi abaki upande huu wa mpaka, milima ipo ya kutosha.

*Mama wa wawili, Ingolstadt: Nasikia kuna kupe wanaoambukiza ugonjwa wa ubongo. Kweli au vitisho?*

Kweli dada, lakini una la kufanya. Ugonjwa wenyewe huku unaitwa FSME, na kuna chanjo yake, dozi tatu. Bavaria inashauriwa na bima ya afya inalipa, mwulize daktari wako. Kupe hao hao huleta na ugonjwa mwingine, Borreliosis, na huo hauna chanjo. Wavalishe watoto suruali ndefu, na jioni wakague kabla ya kuoga: kwapani, kinena, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio. Ukimkuta mng'oe kwa kibano, moja kwa moja, bila mafuta wala moto. Likitokea duara jekundu linalotanuka, hata wiki kadhaa baadaye, nendeni kwa daktari.

*Mdau, Regensburg: Januari je?*

Neureuth watu hupanda hata theluji ikiwepo. Lakini Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na njia ni barafu. Funga vyuma vya kuzuia kuteleza chini ya viatu, beba tochi, urudi ulikopandia. Kuvuka hadi Schliersee subiri Mei.

*Mdau, Nuremberg: Mimi ni Mchaga wa Marangu. Mita 1,260 ndio mnaita mlima?*

Nilikuwa nakungoja. Mkuu, hata Mbeya mjini pako juu kuliko Neureuth, sibishi. Ila nina kitu chako. Karibu na Berchtesgaden kuna kibanda kinaitwa Purtschellerhaus, mita 1,692, mpaka wa Ujerumani na Austria unapita katikati ya nyumba. Kina jina la Ludwig Purtscheller, na ndiye aliyefika kilele cha Kibo na Hans Meyer tarehe 6 Oktoba 1889, na anayetajwa kuwa aliwaongoza ni wa kwenu, Yohani Kinyala Lauwo. Lauwo sijaona kibanda chake huku. Nataka kwenda Septemba, tulale hukohuko. Mifuko ya kulalia ya kitambaa ni lazima kwenye vibanda hivi, shonesheni khanga mbili zinatosha. Mpaka sasa tuko watatu, na Bayern-Ticket inabeba watano.