Kupunguza mvuke wa zebaki mwaloni: uanze na kifaa kipi, ufuate kipi

Mwongozo huu ni wa mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) na mwalo (mahali pa kuoshea na kukamatia dhahabu), awe Sekenke mkoani Singida au kwenye machimbo madogo ya Dodoma, anayetaka kuacha kuchoma dhahabu wazi lakini hana fedha za kubadilisha mtambo mzima kwa mkupuo. Anza na kifaa kinachoikamata zebaki. Vitakavyokufanya usiihitaji vije baadaye.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kwa wachimbaji wadogo mkataba huo unataka mambo manne yakomeshwe: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge (mchanganyiko wa dhahabu na zebaki) wazi, kuchomea kwenye makazi, na kupeleka kwenye sayanaidi (kemikali ya kuyeyushia dhahabu) marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, ambayo hayajaondolewa zebaki. Kanda ya Kati tuna sababu yetu zaidi. Mito yetu kadhaa haifiki baharini: Wembere huelekea Kitangiri na Eyasi, Bubu huishia kwenye mbuga ya Bahi. Zebaki ikiingia huko haina pa kutokea, na samaki wa huko tunawala sisi.

Hatua ya 1: Pima. Nunua mizani ndogo na daftari. Pima donge baada ya kulikamua kwenye kitambaa, kisha pima dhahabu baada ya kuchoma. Tofauti ndiyo zebaki iliyopaa. Donge lililokamuliwa vizuri huwa na zebaki karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo donge la gramu 20 likichomwa wazi hurusha gramu 10 hivi, na anayechoma ndiye wa kwanza kuzivuta.

Hatua ya 2: Ritoti. Hiki ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachokazwa kwa skrubu na mrija unaoteremka kwenye chombo cha maji. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza, ila mkatalie bomba la mabati na alumini, maana zebaki hushikana na zinki na alumini. Ichome mara ya kwanza ikiwa tupu, nje, mbali na watu. Ukiweka donge, ziba ukingo kwa udongo laini na uzungushie mrija kitambaa kibichi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za selsiasi. Moto wa mkaa wenye feni unatosha. Ncha ya mrija ikae juu kidogo ya maji, isizame. Ikizama, ritoti ikianza kupoa itavuta maji ndani ya chuma cha moto na inaweza kulipuka. Usifungue mpaka ipoe kabisa, hata mnunuzi akiwa amesimama mlangoni.

Wengi huiacha ritoti kwa sababu dhahabu hutoka na rangi ya kahawia na mnunuzi hushusha bei. Weka donge kwenye kikombe kidogo cha udongo ndani ya ritoti, kisha yeyusha dhahabu kwa boraksi (unga mweupe wa kusaidia kuyeyusha na kusafisha dhahabu), rangi itarudi. Zebaki uliyoikamata inatumika tena, na hiyo ndiyo akiba ya kulipia hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Chumba cha kuyeyushia. Dhahabu iliyotoka kwenye ritoti bado ina zebaki kidogo, na moto wa kuyeyushia huitoa yote. Jenga kibanda chenye feni ya kuvuta hewa, mrija mrefu wa kupoza mvuke na chujio la kaboni. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Hatua ya 4: Meza ya kutikisa. Dhahabu ni nzito mara saba kuliko jiwe jeupe, kwa hiyo maji na mtikisiko huitenga vizuri, mradi karasha imesaga sawasawa. Ukishaipata meza hiyo, zebaki iguse mchanga mweusi wa mwisho tu, yaani mchanga mzito unaobaki na dhahabu. Mchanga huo ukiwa na dhahabu nyingi, yeyusha moja kwa moja kwa boraksi, bila zebaki. Peleka kwanza sampuli maabara ya GST (Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania) hapa Dodoma, kwani mawe yenye salfaidi (madini yenye salfa) nyingi hayakubali njia hii kirahisi.

Marudio ya zamani yenye zebaki usiyauze kwa wenye sayanaidi kabla zebaki haijatolewa. Sayanaidi huiyeyusha na kuipeleka kwenye maji. Zebaki iliyobaki ihifadhi kwenye chupa nene yenye kifuniko, juu yake maji kiasi, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na nyumba ya kulala.