Mara ya kwanza Dar peke yako: kutoka stendi ya Kange hadi mlangoni kwa mwenyeji

Basi linaloondoka Kange, stendi ya Tanga, alfajiri huchukua kama saa sita hadi Dar es Salaam: Muheza, Segera, Kabuku, Mkata, daraja la Wami, Msata, Chalinze, Mlandizi, Kibaha, kisha Mbezi. Njiani hapapotei mtu. Wanaopotea hupotea dakika kumi za kwanza baada ya kushuka, begi begani, simu imebaki chaji asilimia sita, na watu wanne wanauliza kwa mkupuo "unakwenda wapi?" Ndiyo maana karibu kila uamuzi unapaswa kufanywa ungali Tanga, ukifika kule uwe unatekeleza tu.

Maelekezo kwanza, tiketi baadaye

"Njoo tu, nakaa Mbezi, ukifika utanipigia." Usiondoke nyumbani na jibu la namna hiyo. Dar ina Mbezi mbili. Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro, na ndiko iliko stendi kuu ya mabasi ya mikoani, Stendi ya Magufuli, iliyozinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Kutoka moja hadi nyingine ni safari kamili ya daladala. Posta nako kuna Posta Mpya na Posta ya Zamani. Na mtu wa Tanga asishtuke akisikia "Korogwe, Korogwe wapo?" Ni kituo cha Kimara, si Korogwe ya Tanga; gari halijageuza kurudi.

Mpigie mwenyeji siku mbili kabla, kalamu mkononi, uulize hivi:

"Shangazi, shikamoo. Nikitoka stendi nipande gari la wapi?"
"Nishuke kituo gani, na kituo cha kabla yake kinaitwaje?"
"Nikishuka nivuke barabara au nibaki upande huohuo?"
"Hapo kituoni kuna nini cha kuonekana: msikiti, sheli, shule?"

Swali la kituo cha kabla ndilo watu husahau, nalo lina faida kuliko yote. Konda hutaja kituo mara moja, haraka, na gari likiwa limejaa huwezi kufika mlangoni kwa wakati. Ukisikia kilichotangulia, anza kusogea.

Ramani ya WhatsApp inasaidia, lakini mwenyeji akiituma akiwa kazini itakupeleka kazini kwake. Mwambie aitume akiwa nyumbani, na akuandikie jina la mtaa na namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao cha anwani ya makazi. Yote hayo, pamoja na namba yake na ya mtu mwingine mmoja wa hapo nyumbani, yaandike kwenye karatasi. Karatasi haiishi chaji.

Tiketi, kiti na mzigo

Kata tiketi siku moja kabla, ndani ya ofisi, si kwa mtu aliyesimama nje na kitabu. Hakikisha ina jina lako, namba ya kiti, namba ya gari na kiasi ulicholipa. Nauli ya juu hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo huna sababu ya kulipa zaidi ya kilichoandikwa. Tazama na muda. Tiketi za mashine huandika 06:00 kwa saa 12 asubuhi, na 12:00 ni saa sita mchana. Kuna watu wamefika Kange saa 12 alfajiri kusubiri basi la adhuhuri.

Chagua la asubuhi. Basi la saa 12 linakufikisha mchana, bado una mwanga wa kutosha kukosea na kurekebisha. La saa sita linakuingiza Kibaha jioni, foleni imeanza, na utashuka Mbezi giza limeingia. Omba kiti cha upande wa dereva: kuanzia Segera hadi Chalinze basi linaelekea kusini na jua la asubuhi linapiga upande wa mlango.

Mizigo iwe miwili, isizidi. Begi kubwa liende kwenye buti. Liandike jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, chukua lebo, na usimame hapo mpaka uone limeingia. Begi dogo likae mapajani, si kwenye keria ya juu, kwa kuwa ukisinzia huwezi kujua nani ameshuka nalo Mlandizi. Humo weka kitambulisho, chaja, dawa, maji na nguo moja ya kubadili.

Halafu kuna machungwa. Si rahisi kutoka Tanga mikono mitupu, na mwenyeji anayategemea ya Muheza. Peleka, lakini kiroba cha gunia zima ni adhabu: utakilipia kwenye basi, utamlipa mbebaji stendi, na daladala nyingi zitakukataa nacho. Mfuko unaoweza kuubeba kwa mkono mmoja ukitembea dakika kumi unatosha.

Pesa

Zigawe mara tatu. Nyingi zibaki kwenye simu. Akiba ya dharura, isiyopungua nauli ya kurudi na malazi ya usiku mmoja, iwe ndani ya nguo. Mfukoni weka za kutumia tu, zikiwa ndogo: noti kama kumi za buku, na sarafu za 500, 200 na 100. Ukitoa msimbazi, yaani noti ya elfu kumi, kwa nauli ya daladala, utaambiwa "chenji baadaye", na baadaye wewe umeshashuka. LATRA ilipopanga upya nauli Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilitoka shilingi 500 kwenda 600. Kwa masafa marefu muulize abiria aliyekaa karibu kabla konda hajakufikia.

Kushuka Mbezi

Piga simu ya kwanza ukiwa Chalinze, ya pili Kibaha. Msitegemee saa ya kufika, kwa sababu kipande cha Kibaha hadi Mbezi kinaweza kula dakika ishirini au saa nzima. Muulize konda wa basi mapema: gari linaishia stendi, au linaendelea hadi ofisi yao mjini? Baadhi huendelea, na kama unakwenda Ubungo au Sinza umeokoa nauli.

Basi likisimama, usinyanyuke na wa kwanza. Subiri njia ipungue, shuka, nenda moja kwa moja kwenye buti ukiwa na lebo mkononi. Hapo utaitwa anko, anti, mjomba, bosi. Hawakujui, wanatafuta riziki tu, na si wote wabaya. Jibu moja linatosha, bila kusimama: "Nimepokewa, asante." Usiseme "sijui, namsubiri mtu". Usimpe mtu begi akushikie hata hatua tatu. Akishalibeba, bei anapanga yeye. Ukihitaji mbebaji kweli, patana kwanza, na kiasi ukitaje wewe.

Kaa ndani ya jengo, kwenye viti vya abiria, unywe maji, umpigie mwenyeji. Ukitaka kuuliza njia, muulize aliyefungwa na kazi yake: wakala wa pesa, mwenye duka, mama anayeuza chakula, askari. Kanuni ni kwamba unamfuata wewe. Anayekufuata yeye ndiye wa kuepuka, hasa akianza na "hata mimi natoka Tanga".

Kuingia mjini

Kutoka Mbezi hadi katikati ya mji ni kama kilomita 20. Daladala za hapo zimeandikwa njia yake mbele, mwanzo na mwisho; soma maandishi, usisikilize mpiga debe peke yake. Uliza swali lenye jina la kituo: "Hii inapita Shekilango?" Ukiuliza "inafika mjini?" kila gari litafika.

Mwendokasi, yaani usafiri wa mabasi yaendayo haraka ulioanza kazi 2016, unapita katikati ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara. Nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda, kwa hiyo usingoje konda. Magomeni kuna mchepuko wa kwenda Morocco, na kituo cha Fire ndipo njia zinapoachana: mabasi ya Gerezani hukata kuingia Kariakoo, ya Kivukoni huendelea Kisutu, Posta ya Zamani hadi feri. Soma kibao cha basi. Ukipanda la Kivukoni na safari yako ni Kariakoo, shuka Fire ubadili humohumo kituoni. Mwenye rufaa ya Muhimbili ashuke Fire pia, achukue bajaji kuingia Upanga.

Asubuhi kati ya saa 12 na saa 3, na jioni kuanzia saa 10, begi kubwa na mwendokasi haviendi pamoja. Simu ishike kwa mkono wa ndani, mbali na dirisha. Kwenye foleni hunyakuliwa kutoka nje. Na kama umesafiri masika, Machi hadi Mei, jua kwamba mvua kubwa hujaza Bonde la Msimbazi na barabara ya Jangwani hufungwa. Siku hiyo hakuna ujanja wa kuvuka, tulia kwa mwenyeji.

Bodaboda na bajaji: patana kabla ya kukaa, au agiza kwa programu kama Bolt na ulinganishe namba ya pikipiki na iliyoandikwa kwenye simu. Helmeti idai.

Ukilala gesti

Omba kuona chumba kabla ya kulipa. Jaribu komeo kwa ndani, fungua bomba, washa feni, tazama neti kama ina matundu. Mhudumu akiuliza "unalala au unapumzika?" sema unalala, kupumzika ni kwa saa, na bei yake ni nyingine. Utaandikishwa kwenye kitabu, hivyo kitambulisho kinahitajika. Ukifika Mbezi saa mbili usiku na mwenyeji hapokei simu, lala karibu na stendi, umtafute asubuhi.

Kariakoo

Nenda saa tatu asubuhi, mikono mitupu, begi kifuani. Shika mitaa miwili kichwani, Msimbazi na Uhuru. Ukipotea uliza mojawapo na utajipanga upya. Mtaa wa Kongo ni msongamano wa nguo na mabega, humo pochi haikai mfuko wa nyuma.

Wengi huagizwa simu, na mchezo wa hapo ni wa zamani: unakagua simu nzima, unalipa, unafika nyumbani unakuta kipande cha sabuni. Inabadilishwa pale muuzaji anaposema "lete nikufungie vizuri". Basi ingia duka lenye kaunta na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, weka laini yako, piga *#06#, linganisha namba itakayotokea na ya kwenye boksi, kisha ifunge mwenyewe na isirudi tena upande wake. Anayeuza akitembea hata usimsikilize bei.

Ujumbe wa "tuma hiyo hela kwenye namba hii" usiujibu. Namba iliyotuma ipeleke kwa meseji kwenda 15040. Polisi ni 112.

Kurudi

Nenda ofisi iliyo ndani ya stendi ukiwa na tiketi mkononi. Getini wapo watakaolinyakua begi lako kulipeleka basi lisilo lako. Karibu na Idi na mwisho wa Desemba magari ya Tanga hujaa, kata wiki moja kabla. Safari hii omba kiti cha upande wa mlango: ukipita Chalinze basi linapanda kaskazini, na jua la asubuhi limehamia kwa dereva.